Unamfundisha mtu kufuma? Anza na kitambaa, sweta baadaye

Mtu akikwambia anataka kujua kufuma usimpe sweta siku ya kwanza, atachoka na sindano ataziweka kabatini mazima. Mimi huwa naanza na kitambaa cha kuoshea vyombo, uzi wa pamba mnene kidogo wa rangi ya kung'aa (mweusi hapana, vitanzi havionekani kabisa) na sindano za milimita 5.

Mwanzishie vitanzi 25 kwenye sindano wewe mwenyewe, hilo atajifunza baadaye. Kisha anarudia kitu kimoja tu, ingiza sindano kwenye kitanzi kutoka mbele kwenda nyuma, zungusha uzi, uvute utokee mbele, achia kitanzi cha zamani, basi, mstari hadi mstari.

Shida kubwa iko mwanzo wa mstari. Uzi ukipitia juu ya sindano kwenda nyuma, kitanzi cha kwanza kinanyanyuka kinaonekana kama viwili, mwanafunzi anafuma vyote, ghafla 25 vimekuwa 31 na kitambaa kinapanuka kama sketi. Mwambie ashushe uzi chini ya sindano kwanza ndo aupeleke nyuma, na ahesabu kila mstari, hapo nasisitiza sana.

Kitambaa kikiwa mraba, funga vitanzi visifumuke. Kinachofuata ni utepe wa kichwa, vitanzi 16, mfupi kidogo kuliko kichwa maana unavutika, halafu boshori ya mtoto: vipande viwili sawasawa unashona pande tatu, pembe za juu zinasimama kama masikio ya paka, watoto wanaipenda balaa.