Jinsi ya kuajiri timu ya kukutengenezea programu ya simu: zima data kwanza

Mama mmoja anayenunua dagaa kisiwani Ukerewe na kuuza soko la Kirumba Mwaloni, Mwanza, alilipa timu fedha zote mwanzoni. Programu ilipendeza, lakini mtandao ukikatika mauzo yalipotea. Aliniita nitafute timu nyingine, na hivi ndivyo nilivyofanya.

Hatua ya 1. Andika ukurasa mmoja unaoeleza siku ya mtumiaji: anaamka wapi, anashika simu gani, mtandao unamkatikia wapi. Orodha ya vitufe iache.

Hatua ya 2. Tafuta timu inayoandika programu moja kwa ajili ya Android na iPhone. Wengi hutumia zana kama Flutter ya Google, yenye lugha ya kompyuta ya Dart, au React Native iliyotolewa na Facebook mwaka 2015, yenye JavaScript. Usibishane nao sana hapa. Omba programu waliyokwisha kuitoa, ipakue, itumie siku mbili.

Hatua ya 3. Wape jaribio dogo, na ulilipie. Kazi ya bure humfukuza fundi mzuri. Mimi niliomba skrini moja tu: idadi ya magunia, bei, jina la mnunuzi. Walipoileta niliiweka kwenye simu ya bei nafuu, nikazima data, nikaingiza mauzo kumi, nikazima simu yenyewe. Baada ya kuiwasha na kurudisha data, mauzo yote kumi yalipaswa kufika kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayotunza hesabu, kila moja mara moja tu.

Timu nyingi huanguka kwenye hilo la mwisho. Simu hutuma, jibu linapotea njiani, simu inatuma tena, na gunia moja linahesabiwa mara mbili. Dawa yake ni kila mauzo kupewa namba ya pekee simuni kabla ya kutumwa, ili seva iyatambue yakirudi. Waulize watalizuiaje. Aliyewahi kulishughulikia hatazunguka.

Hatua ya 4. Fungua akaunti za kuchapisha programu kwenye maduka ya Google na Apple, kwa jina lako au la kampuni yako: Google hutoza dola 25 mara moja, Apple dola 99 kila mwaka. Kama wateja wako karibu wote wana Android, Apple isubiri. Akaunti binafsi ya Google iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 hudai wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo kabla programu haijatolewa kwa umma, kwa hiyo waandae mapema. Msimbo (maandishi yanayounda programu) na ufunguo wa kusaini programu (faili la siri linalothibitisha kwamba toleo jipya ni lako) viwe mikononi mwako tangu siku ya kwanza. Yule mama hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo, ndiyo maana tulianza upya kabisa. Iliniuma.

Hatua ya 5. Gawa malipo kwa kazi inayoonekana kwenye simu. Mkataba utaje pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, maana majina na namba za wateja zitapita mikononi mwao. Sehemu ya mwisho niliizuia mpaka wakala wa yule mama kule Ukerewe alipofunga hesabu ya mwezi mzima ndani ya programu, na ikalingana na daftari lake.