Jinsi ya kupiga ramli ya injini ya toleo la chini kwenye gari ya spoti ambayo haijatoka

Gari mpya ya spoti ikionekana tu barabarani imebandikwa zile stika za kuficha umbo, watu wote wanakimbilia toleo la juu, V8 au sio V8, turbo ngapi, hosipawa ngapi. Toleo la chini hakuna anayeliuliza, wakati ndio rahisi zaidi kulikisia ukijua pa kuanzia. Mimi naanzia stoo.

Stoo namaanisha hivi: kuunda injini mpya kutoka sifuri ni hela ndefu mno na gari za spoti zinauzika chache, kwa hiyo kampuni ikitaka mashine ya bei nafuu inachukua iliyopo tayari kwenye gari za familia. Angalia Celica, gari ya spoti ya Toyota. Ile ya mwisho, iliyotoka 1999 ikafa 2006, toleo la chini lilibeba injini ya 1ZZ-FE cc 1800, hiyohiyo iliyojaa kwenye Premio na Wish za mjini kwetu, na MR-S, spoti nyingine ya Toyota, nayo ilikuwa nayo. Ukitaka 2ZZ-GE yenye mkono wa Yamaha, hosipawa 180 badala ya 140 kwa zile za Marekani, unapanda toleo. Iliyotangulia nayo stori ileile, juu kabisa GT-Four na 3S-GTE ya turbo, chini 3S-FE, mashine ya Caldina na RAV4 ya kwanza, fundi yeyote wa chini ya mwembe anaifungua akiwa anapiga stori. Ford nao hawajaachwa nyuma, Mustang ya 2015 ilianza na V6 ya lita 3.7, ilipofika 2018 ikatolewa na ya chini ikawa turbo ya lita 2.3 silinda nne, ambayo ndugu zake wapo kwenye Explorer na Ranger.

Kwa hiyo hatua ya kwanza chukua karatasi uandike kila injini ya petroli ambayo kampuni inaitengeneza leo, cc zake, silinda ngapi, iko kwenye gari gani na ilianza mwaka gani. Iliyozeeka inayokaribia kustaafu ikate. Halafu uliza, gari hii injini itakaa kwa urefu au italala kwa upande? Gari ya kusukuma tairi za nyuma yenye injini mbele karibu siku zote inataka injini iliyokaa kwa urefu, na mashine za gari ndogo za familia nyingi zimelala kwa upande, hapo tu nusu ya orodha inakufa. Nissan Z ya sasa ilikuwa mteremko kwa sababu hii, V6 ya lita 3 yenye turbo mbili ilikuwa tayari kwenye Infiniti Q50 na Q60 tangu 2016, imekaa kwa urefu, ina hosipawa 400, sasa ungekisia nini kingine?

Usisahau stoo ya jirani. Siku hizi kampuni zinashirikiana kupunguza gharama, na anayetoa injini ndiye wa kumchungulia. Supra ya Toyota ya 2019 ilizaliwa pamoja na BMW Z4. Aliyefungua orodha ya Z4 alikuta hosipawa 197, 258 na 340, na Supra ilipofika Japani ikaja na 197, 258 na 340, namba hazikubadilishwa hata moja. Na mbili za chini zote ni lita 2 silinda nne. Watu walilia sana kuona jina la Supra kwenye silinda nne, lakini ilikuwa imeandikwa kule Ujerumani muda wote.

Sasa hapa ndipo wengi wanachemsha, kwenye ngazi. Gari haikai peke yake kwenye duka, kuna kaka yake juu na mdogo wake chini, na kampuni haitaki wagombanie mteja mmoja. Kabla GR86, spoti ndogo ya Toyota iliyoundwa pamoja na Subaru, haijatoka fununu zilijaa kwamba itakuwa na lita 2.4 ya turbo yenye hosipawa 255 hivi, na kwa stoo ilikuwa na mantiki kwa sababu Subaru walishaiweka 2.4 turbo kwenye Ascent, gari yao ya familia. Bloku, yaani mwili wa injini, wakapata, turbo wakakosa, ikatoka haina turbo, hosipawa 228 Marekani. Ukiangalia juu yake unaona kwa nini, Supra ya lita 2 ilikuwa inaingia Marekani na hosipawa 255 hizohizo kwa bei kubwa zaidi, nani angeinunua? Turbo pia ingeongeza uzito na bei kwenye gari ambayo sifa yake nzima ni wepesi. Kwa hiyo ukishapata mgombea, weka hosipawa za kaka yake kama dari, kisha shuka hatua moja.

Kodi na moshi. Hii inaboa lakini inaua injini nyingi kuliko mainjinia wote. Japani kodi ya gari ya kila mwaka inapanda kwa ngazi za cc 500, ndio maana unakuta mashine zao nyingi ni 1498 au 1998, hakuna anayetaka kuvuka mstari kwa cc mbili. Uchina ukivuka lita 4 kodi ya matumizi ni asilimia 40. Ulaya kampuni ikizidisha wastani wa hewa chafu inapigwa faini ya euro 95 kwa kila gramu, kwa kila gari iliyouza. Porsche wenyewe 2016 walitoa silinda sita ya lita 2.7 kwenye Boxster na Cayman wakaweka lita 2 turbo silinda nne, hosipawa 300, mashabiki wakanuna mpaka leo. Hata Tanzania ushuru wa bidhaa unapanda gari ikizidi cc 2000, kwa hiyo mnaosubiri ije mtumba muombee isivuke.

Na uulize "ya chini" ya wapi, kwa sababu Mazda Roadster Japani inaanzia lita 1.5 na Marekani ileile inaanzia 2.0. Mabishano mengi ni watu wa nchi mbili wote wako sahihi.

Karatasi sasa. Marekani kampuni inatakiwa kuipa NHTSA, wakala wa serikali wa usalama wa magari, maelezo ya kusoma VIN, yaani namba ya chasi, angalau siku 60 kabla ya kuanza kuuza, na herufi ya nane mara nyingi ndio inataja injini. California nao wana vyeti vya moshi vinavyoandika lita kabisa. Karatasi ya serikali moja ina uzito kuliko "chanzo cha ndani" kumi.

Kama karatasi hakuna, tumia masikio. Kwa video za majaribio ya Nürburgring, ile njia ya mashindano ya Ujerumani, pakua programu ya simu inayoonyesha masafa ya sauti, halafu piga hesabu: mizunguko kwa dakika gawa kwa 60, zidisha kwa nusu ya idadi ya silinda. Kwenye mizunguko 6000 silinda tatu inatoa hezi 150, nne 200, sita 300, nane 400. Mizunguko huijui, ni kweli, ila dereva anapobadilisha gia akiwa amekanyaga mpaka mwisho kisia 6500 mpaka 7000 utakuwa karibu. Picha nazo, tafuta intakula (kipozeo cha hewa ya turbo) nyuma ya bampa, na stika ya njano ya tahadhari, hiyo maana yake ndani kuna betri kubwa. Idadi ya ekzosi ipuuze, siku hizi nyingine ni urembo tu.

Tujaribu kwa Celica ijayo ambayo wakubwa wa Toyota wameshasema inakuja. Stoo ina 1.6 turbo silinda tatu ya GR Yaris na GR Corolla, ina familia mpya ya silinda nne za lita 1.5 na 2.0 zilizotangazwa Mei 2024, na ina lita 2 haibridi ya Prius yenye hosipawa 196. Ile 2.0 turbo mpya, iliyoonyeshwa Januari 2025 kwenye GR Yaris M yenye injini katikati, naiweka toleo la juu bila kufikiria mara mbili. Kwa chini wengi wanasema 1.6, ila mimi namwangalia Honda, Prelude ya 2025 wameirudisha na haibridi ya Civic, hosipawa 200, basi, na hewa chafu inakuwa chini. Kura yangu asilimia 50 haibridi ya lita 2, asilimia 35 ile 1.6, zilizobaki 1.5 mpya. Mkinionyesha karatasi ya California imeandikwa lita 1.6 nahama siku hiyohiyo.