Kabla ya kudai fidia ya ajali iliyovunja uti wa mgongo

Mtu akivunjika uti wa mgongo kwenye ajali ya matatu na miguu ikapooza, familia huhangaika kwanza na hospitali, na ndivyo inavyopasa. Lakini mmoja wenu akabidhiwe kazi ya makaratasi tangu wiki ya kwanza. Achukue abstrakti ya polisi (karatasi ya kuonyesha ajali iliripotiwa), fomu ya P3 ya polisi ambayo daktari huandika majeraha ijazwe, na namba ya gari itafutwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ijulikane mwenye gari hasa ni nani. Sheria ya Kenya hailazimishi bima imlipe mtu mmoja zaidi ya shilingi milioni 3. Kinachozidi hapo anadaiwa mwenye gari.

Pesa mlizokwisha kutumia korti haizikubali kwa maneno, inataka risiti. Maandishi ya risiti nyingi za duka la dawa hufifia, kwa hiyo zitoeni kopi mapema.

Linalosahauliwa zaidi ni gharama ya maisha yaliyobaki, nalo ndilo kubwa. Ripoti ya daktari isiishie kwenye "amepooza". Itaje kiti cha magurudumu na kubadilishwa kwake kikichakaa, mipira ya mkojo, nepi, godoro la kuzuia vidonda vya kulalia, na mshahara wa mtu wa kumgeuza mgonjwa usiku na mchana. Mara nyingi kazi hiyo humwangukia mke au mama, ikahesabiwa kuwa ni bure. Si bure. Yote yaandikwe kwenye madai, kwa kuwa kisichodaiwa hakilipwi.

Huenda akaja mtu wa bima wodini na karatasi, akisema ni pesa za kusaidia matibabu. Inaniuma sana familia inapokubali kwa sababu bili imewalemea. Isomeni yote kwanza. Ikisema malipo hayo ni ya mwisho, mgonjwa akishaweka kidole gumba ni vigumu mno kurudi kudai tena.

Kesi ifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu ajali; kama gari ni la serikali, miezi 12 tu. Aliyeumia kazini ana njia yake, chini ya sheria ya fidia za kazini ya 2007.

Na wakili akitaka asilimia ya fidia, jueni kuwa mapatano hayo hayana nguvu kisheria. Ada iandikwe, na muulize mapema pesa zitaingia akaunti ya nani.