Choo kikavu cha kutenganisha mkojo: namna ya kukitumia nyumbani, na bomba lililonila siku mbili

Wiki iliyopita wifi yangu wa Makunduchi alinipigia simu mara tu baada ya swala ya alfajiri. "Wifi, choo kimegoma. Mkojo umesimama kwenye sinki haushuki, na harufu imefika mpaka ukumbini." Nikamwambia asimwage kitu chochote, asiite mtu, anisubiri. Nilipanda gari na waya wa breki ya baiskeli, chupa mbili za siki na dumu la maji ya mvua, kwa sababu nilikwisha kulijua tatizo lake kabla sijafika. Lilinipata mimi mwaka wa pili wa choo changu. Nilipomaliza kwake akaniomba nimwandikie yote, tangu siku ya kwanza. Nimemwandikia, na nayaweka hapa kwa wengine wenye choo kama chetu.

Huku kusini mwa Unguja tunaishi juu ya jabali la matumbawe. Shimo la choo huchimbwa kwa tindo na nyundo, na likishachimbika maji machafu hupenya kwenye nyufa za jiwe yakafika kisimani bila kuchujwa na chochote. Ndiyo sababu mimi nakipenda choo hiki kwa dhati. Hakichimbwi. Chini ya sakafu yake kuna vyumba viwili vilivyojengwa juu ya ardhi, mkojo una njia yake, kinyesi kinabaki kikavu. Mtu mzima hutoa karibu lita 500 za mkojo kwa mwaka, lakini kinyesi ni kama lita 50 tu. Ukiuondoa mkojo, kinachobaki ni kidogo na kinakauka.

Ujenzi sitauelezea. Nachukulia choo kimeshasimama, kina bomba la hewa lenye wavu juu, na milango ya nyuma inafunga vizuri.

Hatua ya 1: Tandika

Kabla mtu yeyote hajakitumia, mimina ndoo mbili za majivu makavu kwenye sakafu ya chumba cha kwanza. Tundu la chumba cha pili lifunike kwa kifuniko kizito ili mtoto asiweze kukiinua.

Hatua ya 2: Kila mtu achuchumae

Sinki lina sehemu mbili: bakuli la mkojo mbele, tundu la kinyesi nyuma. Anayechuchumaa sawasawa hana la kufikiria, kila kitu kinakwenda mahali pake. Wanaume nao wachuchumae. Akisimama, matone yanarukia tundu la nyuma na nguo zake zinapata najisi. Kwa wageni wanaume tumeweka dumu lenye faneli nje, nyuma ya ukuta wa msala, na hakuna aliyelalamika.

Mtoto mdogo asipandishwe kwenye sinki mpaka miguu yake ifike pande zote mbili. Atumie poti, wewe utenganishe.

Kama bado hujanunua sinki, chukua la plastiki au faiba. La saruji hunywa mkojo na halitaacha kunuka hata ulisugue vipi, na la chuma mkojo utalila.

Hatua ya 3: Kuchamba

Hapa ndipo watu wengi huniambia kwamba choo hiki si cha Waislamu, si cha watu wanaochamba kwa maji. Si kweli. Katika mji wa kale wa Sanaa, Yemen, ambako watu huchamba kwa maji kama sisi, nyumba za ghorofa zilikuwa na vyoo vikavu kwa karne nyingi. Kinyesi kiliangukia chumba cha chini kupitia mfereji mrefu wa wima, mkojo ulipita kwenye kijia cha sakafuni hadi nje ya ukuta, na mtu alisogea pembeni kidogo kwa ajili ya maji. Kilichokauka kilichomwa kama kuni za kuchemshia maji ya hamamu za mji.

Fanya vivyo hivyo. Ukimaliza haja, funika tundu, sogea hatua moja hadi kwenye beseni la kuchambia, chamba hapo. Maji hayo yana kinyesi ndani yake, kwa hiyo yasichanganywe na mkojo wa dumu. Yana bomba lake linalokwenda kwenye kitalu cha kokoto kilichopandwa migomba. Kitalu kiwe upande wa mbali na kisima, na maji yasionekane juu.

Kopo la maji likae kwenye beseni tu. Ukiliweka karibu na tundu, siku moja mgeni atachamba palepale, na chumba kikishalowa utakuwa na funza ndani ya siku chache. Likitokea hilo usihangaike na dawa. Mimina majivu mengi makavu, ndoo nzima kama ni lazima, halafu tafuta maji yaliingia kwa njia gani.

Hatua ya 4: Majivu

Makopo mawili kila baada ya haja kubwa, hata kama aliyekwenda ni mtoto. Kukiwa na mgonjwa wa kuhara, matano.

Mimi natumia majivu ya kuni peke yake, na ya mvinje nayaona bora kuliko yote kwa sababu ni laini na hayana mawe. Majivu hukausha, huzuia nzi, na ualkali wake huua vijidudu. Unga wa mbao hukausha lakini hauna ualkali huo. Chokaa ni nzuri ila inaunguza macho, basi ichanganye na udongo mkavu, sehemu moja kwa tano. Mchanga wa pwani usiutumie kabisa. Haufyonzi kitu, ni mzito, na una chumvi ambayo hatimaye itaishia shambani kwako.

Yachekeche, na uyaache usiku mzima yapoe. Majivu yenye kaa hai ndani ya choo ni moto. Weka akiba ya magunia mawili kabla ya masika.

Hatua ya 5: Bomba la mkojo

Hapa nitakaa muda mrefu, maana ndipo vyoo vingi vinapoachwa vikageuzwa stoo.

Mkojo ukiwa mpya haunuki sana. Ukishakaa ndani ya bomba, vijidudu huigeuza yurea iliyomo kuwa amonia, na ile harufu kali ni ya amonia hiyo. Wakati huohuo mkojo unakuwa wa alkali, na madini yaliyokuwa yameyeyuka ndani yake, fosfati pamoja na magnesi na kalsi, yanaganda. Yanajenga gamba gumu jeupe kama lile la ndani ya birika la chai. Gamba linaanza kwenye kona na mahali bomba linapolala bapa, linashika unywele mmoja, halafu ute, kisha bomba linaziba.

Langu lilipoziba niliamini mtoto ametumbukiza kitambaa. Nikachokoa kwa mti, nikasukuma kwa maji, nikasukuma tena. Siku mbili. Mwisho nikalikata bomba kwa msumeno na kukuta tundu la inchi mbili limebaki la kupita kidole kidogo. Sababu ilikuwa mimi. Kila usiku nilikuwa namimina makopo mawili ya maji ya kisima nikidhani nasafisha. Maji ya visima vyetu yanatoka kwenye matumbawe, ni magumu, yamejaa kalsi. Kila kopo lilikuwa linaongeza malighafi ya kujengea gamba. Wifi yangu naye alikuwa akifanya vilevile, tena kwa ndoo.

Kwa hiyo maji ya kisima yasiingie kwenye bakuli la mkojo. Bakuli lipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kila siku. Mara moja kwa wiki mimina nusu kopo la maji ya mvua lililochanganywa na siki kiasi hichohicho, usiku, watu wakishalala, ili lisisuuzwe na mkojo mpaka asubuhi. Maji ya ndimu zilizokamuliwa yanafanya kazi hiyohiyo. Huku ndimu ni rahisi na mimi ndizo ninazotumia, zichujwe tu kokwa na nyama zisibaki.

Bomba lenyewe liwe la plastiki, la inchi mbili, si chini ya hapo. Fundi wangu aliniwekea la nusu inchi kwanza kwa kuwa "mkojo ni kidogo", na nililing'oa. Lishuke sentimita nne kwa kila mita moja, na usikubali kuambiwa inatosha kwa macho. Pima kwa kamba na pima maji. Mahali pa kupinda tumia elbo mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya nyuzi 90. Usiruhusu ile kona ya herufi U inayowekwa chini ya masinki ya jikoni, maana hapo ndipo gamba litakapojengeka kwanza. Na muhimu kuliko yote: kiungo kimoja cha chini kisitiwe gundi. Kiwe cha mpira wa kubana, uweze kukifungua kwa mkono.

Kama limeshaziba, fanya hivi:

1. Weka ndoo chini, fungua kile kiungo. Kama mkojo unashuka, kizuizi kiko chini ya kiungo hicho, pengine kwenye dumu. Kama haushuki, kiko juu.
2. Kabla ya kuchokoa chochote, angalia dumu. Ncha ya mpira ikiwa imezama kwenye mkojo na dumu halina tundu la kutolea hewa, hewa iliyonaswa huzuia mkojo kushuka na utadhani bomba limeziba. Nimeshaona mtu akivunja sakafu kwa sababu hiyo. Toboa tundu dogo la msumari karibu na mdomo wa dumu, basi.
3. Ingiza waya wa breki ya baiskeli, ncha yake ikiwa imechanuliwa kama ufagio. Zungusha huku unavuta kuelekea kwako. Usiusukume uchafu ndani.
4. Ziba chini, jaza siki tupu, acha usiku kucha. Itatoa povu, na povu hilo ni dalili nzuri. Asubuhi zungusha waya tena, kisha suuza kwa maji ya mvua. Gamba nene litahitaji usiku mbili au tatu.

Kostiki wanayotumia watengeneza sabuni huyeyusha nywele na ute lakini gamba hailigusi, na ikiruka machoni inapofua. Kwangu haiingii, nina watoto. Jiki usiimimine kamwe, si kwenye bomba wala kwenye bakuli. Ikikutana na amonia ya mkojo, au na siki uliyotia jana, inatoa gesi ya sumu, na msala ni chumba kidogo.

Kwa wifi tulimaliza usiku wa pili. Harufu ilikatika siku ileile mkojo ulipoanza kushuka.

Hatua ya 6: Dumu na shamba

Mpira wa kuingia kwenye dumu ushuke mpaka karibu na kitako, ili ncha yake izamishwe na mkojo wenyewe na harufu isirudi juu. Uwe na madumu matano au sita ya lita 20, uyaandike tarehe.

Mkojo wa nyumbani kwa mimea ya nyumbani unaweza kuutumia bila kuuweka, mradi uache mwezi mmoja kati ya kuutia na kuvuna. Wa kumpa jirani uufunge mwezi mzima kwanza, na kwa mboga zinazoliwa mbichi miezi sita. Kipimo changu ni lita moja na nusu kwa mita moja ya mraba kwa msimu, imechanganywa na maji mara tatu mpaka tano. Chimba kijifereji kando ya mche, mimina, fukia hapohapo. Majani yasiguswe.

Mipapai na mchicha huonyesha tofauti ndani ya wiki mbili. Kunde hazihitaji, zinajitafutia naitrojeni yake, yaani mbolea ileile iliyomo kwenye mkojo. Na mkojo una chumvi: kama kisima chako kina maji ya chumvichumvi usiuchanganye nayo, na wakati wa kiangazi kikali upeleke kwenye minazi, inavumilia.

Mkojo mbichi usimwagwe kwenye bwawa, mto wala bonde la mpunga. Kichocho kipo Unguja na Pemba, na mayai yake hutoka kwa mkojo, huanguliwa majini, na vijidudu vinavyotoka humo hutafuta konokono wa maji baridi.

Hatua ya 7: Kuhama chumba

Chumba kikibakisha sentimita 20 kujaa, sawazisha kwa fimbo, funika kwa majivu mazito, hamishia sinki upande wa pili, na uandike tarehe kwa rangi kwenye mlango wa nyuma. Tangu hapo hakitiwi hata kopo moja la kitu kipya. Mpango huu wa vyumba viwili vinavyopokezana ulienezwa Vietnam tangu miaka ya 1950, na maana yake ni kupumzisha. Kwa joto letu mwaka mmoja ndio mdogo kabisa, kwani mayai ya minyoo ya tumbo hufa mwisho baada ya vijidudu vingine vyote kwisha. Mimi nasubiri mwaka na nusu.

Kufukua ni kazi ya asubuhi moja, kwa chepe, glavu, buti na kitambaa puani. Utakuta kitu kama udongo mkavu wa kijivu, hakina harufu. Kikiwa bado na unyevu au kinanuka, funga mlango uongeze miezi sita. Kikiwa kimekauka, kizike futi mbili chini kabla ya kupanda mti wa matunda. Kwenye mboga sikitii.

Kwa wifi chumba cha kwanza kimebakisha kama shubiri mbili. Tumekubaliana ataniita siku ya kuhama, na kopo la rangi ameshalinunua.