Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Ekseli ya Lori Kuukuu

Ekseli ya nyuma ikifa kati ya Marereni na Malindi, lori likiwa limejaa chumvi, mwenye lori huanza kuuliza bei kwa simu kabla hata mzigo haujahamishwa. Atatajiwa bei tatu: ya mtumba kutoka Japani, ya iliyoundwa upya, na ya mpya. Nawasihi wenye malori wa huku kwetu wasianzie hapo. Ekseli ya kuchunguzwa kwanza ni ile iliyokufa, kwani kilichoiua mara nyingi bado kimo ndani ya lori, na kitaiua na ya pili.

Mwambie fundi amwage oili ya difu, lile kasha la gia lililo katikati ya ekseli, kwenye karai safi, nawe uwepo. Unga laini wa chuma kwenye sumaku ya bolti ya kumwagia ni jambo la kawaida kwa gari lililofanya kazi. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni meno au beringi. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, na hapo ujiulize lori lilipita wapi. Ekseli iliyopata moto kwa mwendo mrefu ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani hupoa na kupungua, kisha ekseli inavuta maji kupitia kipumulio au sili, yaani mipira inayozuia oili kuvuja. Waliovuka maji ya Mto Tana upande wa Garsen na Gamba wakati wa mafuriko ya mwishoni mwa 2023, wakaendelea na safari bila kubadilisha oili, walikuwa wanasaga beringi zao kwa tope.

Hicho kipumulio chenyewe ni kitundu kidogo juu ya ekseli ambacho wengi hawakijui. Kikiziba, hewa ya moto hukosa njia, inasukuma oili ipite kwenye sili za habu, yaani kitovu cha gurudumu, hadi ilowanishe laini za breki. Mwenye gari atabadilisha sili mara kwa mara na kumlaumu muuza spea, na kumbe dawa ni kukizibua.

Jambo la pili: hakikisha kweli unahitaji ekseli nzima. Katika malori mengi ya mizigo, uzito hubebwa na bomba la ekseli pamoja na beringi za habu. Hafushafti, chuma kirefu kinachotoka kwenye difu hadi gurudumuni, haibebi mzigo, kazi yake ni kuzungusha gurudumu tu. Ndiyo maana inaweza kufunguliwa bolti za nje na kuvutwa bila kuondoa gurudumu. Ikikatika, badilisha hafushafti, toa kipande kilichobaki ndani pamoja na vichembe vyote, kisha kagua difu. Tazama na pale ilipokatikia. Meno yake yakiwa yamesokotwa, ilizidiwa nguvu, pengine dereva aliachia klachi kwa kishindo gari likiwa limekwama mchangani. Pakiwa na mistari iliyopangana kuelekea upande mmoja, ufa ulianza zamani ukakua polepole.

Ikithibitika kwamba ekseli nzima imeisha, pima kabla ya kwenda sokoni. Uwiano wa meno ya krauni (gia kubwa ya difu) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) ndio unaowaponza wengi, kwa sababu ekseli mbili zinaweza kufanana kwa nje na kutofautiana ndani. Krauni ya meno 41 kwa pinioni ya meno 6 inatoa 6.83, ya 39 kwa 7 inatoa 5.57. Ukifunga ya pili mahali pa ya kwanza, lori litakimbia vizuri tambarare likiwa tupu, lakini likipakia mawe litalia mlimani na klachi itaungua. Kama difu bado inazunguka, kuna njia rahisi ya kujua bila kuifungua: weka vizuizi magurudumu ya mbele, inua upande mmoja wa nyuma na uuweke juu ya stendi imara, gia iwe huru, kisha zungusha gurudumu hilo mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela, ile shafti inayoleta nguvu kwenye difu. Idadi hiyo ndiyo uwiano. Lori lenye ekseli mbili za nyuma zinazovuta ni lazima zote ziwe na uwiano mmoja. Andika pia idadi ya bolti za gurudumu, umbali kati ya vitako vya springi, matundu ya flenji ya propela, upana wa dramu, na kama breki ni za upepo au za maji.

Sasa mtumba. Siudharau. Bomba la ekseli lililotoka Japani likiwa limenyooka linaweza kufanya kazi miaka mingi. Kagua kwa tochi kuzunguka vitako vya springi na maungio ya kuchomelewa: rangi mbichi mahali pamoja tu inaficha kitu, basi omba ikwanguliwe. Kutu ya juu isikutishe, lakini ile inayobanduka kwa maganda, hasa kwa ekseli iliyotolewa kwenye gari la huku lililobeba chumvi ya Gongoni, iache. Zungusha pinioni kwa mkono usikie kama inakwaruza. Hata ukiridhika, hesabu beringi na sili mpya ndani ya bei, kwa maana bei ya mtumba bila hizo si bei kamili.

Iliyoundwa upya ndiyo inayodanganyiwa zaidi, kwa sababu kusafisha na kupaka rangi nyeusi kunaitwa pia kuunda upya. Kazi yenyewe ni kufungua kila kitu, kupima bomba na shafti, kuweka beringi na sili mpya zote, kubadilisha krauni na pinioni zikiwa jozi, kisha kupanga nafasi kati ya meno kwa kipimo cha kiwanda. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani na huwekewa namba ya jozi, hivyo namba zisipolingana usikubali. Muulize fundi akuonyeshe alama ya rangi kwenye meno inayothibitisha yanakutana katikati. Anayejua kazi yake hatakasirika. Uliza pia kama anataka ekseli yako ya zamani kama sehemu ya malipo, na hali gani ataikataa.

Kwa lori lenye zaidi ya miaka 20 linalozunguka Malindi, Magarini na Kilifi, mimi ningechukua mtumba wenye bomba zima na kuujaza beringi na sili mpya. Kwa lori linalobeba mali ya watu hadi Nairobi, ningelipia iliyoundwa upya yenye dhamana ya maandishi, kwa sababu kulala njiani kunakula faida yote. Mpya inastahili pale injini na fremu bado zina maisha marefu. Nayo itazame boksi, namba ya spea na muuzaji, maana bandia nazo ni mpya. Asikudanganye mtu kwamba ekseli nene inakuruhusu mzigo zaidi: kisheria hapa Kenya ekseli moja yenye tairi nne ni tani 10, na mizani ya Mariakani haijali umenunua nini.

Ekseli ya mbele ni habari nyingine kabisa. Iliyopinda au yenye ufa haichomelewi wala haipashwi moto inyooshwe, hata fundi awe hodari vipi, kwa sababu inashikilia usukani na roho za watu. Tafuta nyingine nzima, na kingpini zake, zile pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia, ziwe mpya.

Kabla ya kutoa pesa, maandishi yataje uwiano, muda wa dhamana, na nani atalipa gharama ya kufungua ikibainika ni mbovu. Siku ya kufunga, tia oili ya GL-5 ya unene unaotajwa na kitabu cha gari, maana ile ya gia za kawaida haihimili msuguano wa meno ya difu. Yu-bolti zinazofunga ekseli kwenye springi ziwe mpya, zikazwe lori likiwa limekaa kwa magurudumu yake, kisha zikazwe tena baada ya siku chache za kubeba mzigo. Oili ya kwanza imwagwe mapema, kabla ya muda wa kawaida, na sumaku ya bolti itazamwe tena.