Kuprinti flaya na kadi za biashara hapa Moshi, soma kabla hujalipa

Wadau habari, naandika hii kwa wenye saluni, migahawa, maduka na ofisi ndogo za utalii hapa mjini, maana inaniuma sana kuona mtu amejibana akatoa hela ya printi afu maboksi yanakaa chini ya kaunta mwaka mzima.

Kabla hujamuona dizaina jua kwanza hiyo karatasi mtu ataipokelea wapi. Ukigawa stendi, mtu ana mzigo mkononi anawahi gari, atatupia jicho mara moja afu anaitia mfukoni, kwa hiyo A6 inatosha kabisa (ni robo ya A4), weka unauza nini, uko wapi na namba ya simu, basi. Na hapo kwenye uko wapi tafadhali sana usiweke sanduku la posta peke yake, andika vile tunavyoelekezana, mfano ukitoka Mnara wa Saa unashuka kama unaenda stendi, mkono wa kushoto, mlango wa bluu. Wa utalii nyie mnahitaji brosha, A4 inayokunjwa iwe sehemu tatu, na iwe tayari kabla ya Juni wageni hawajaanza kujaa, au kabla ya Kilimanjaro Marathon ile ya mwishoni mwa Februari, usisubiri wiki ya mwisho ndo unaanza kutafuta dizaina.

Sasa rangi na picha, hapa ndo wengi wanaumia. Simu inaonyesha rangi kwa mwanga, mashine inachanganya wino wa rangi nne, siani, majenta, njano na nyeusi, ndo maana ile kijani inayong'aa kwenye skrini ikitoka kwenye karatasi inakuwa imefifia, mwambie dizaina afanye kazi kwenye CMYK (ndo hizo rangi nne za wino) toka mwanzo. Picha ziwe dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), yaani kama picha inajaza A5 nzima iwe na pikseli kama 1748 kwa 2480, na logo usiitume WhatsApp kama picha ya kawaida kwa sababu inabanwa inapoteza ubora, itume kama dokumenti. Faili la mwisho liwe PDF, rangi ya nyuma izidi milimita 3 kila upande ili kisu kikikata pasibaki mstari mweupe, na maandishi yakae ndani kidogo, milimita 5 hivi kutoka ukingoni.

Karatasi: ile ya fotokopi ni gramu 80, kwa flaya naiona laini mno, chukua 130 au 150, kadi za biashara 300 au 350. Kuna dada yangu ana saluni, alitengeneza kadi za miadi nzuri kweli, akaziwekea laminesheni (ule utando wa plastiki) ya kung'aa mbele na nyuma, afu peni ya kawaida ikawa haishiki, ukiandika tarehe inafutika na kidole, kadi zote zikawa hazina kazi aliyozitengenezea. Nilisikitika maana mimi ndo nilimwambia zitapendeza zikiwa na laminesheni. Kama kuna sehemu ya kujaza kwa mkono acha upande huo bila laminesheni.

Idadi nayo, kama ni 50 au 100 nenda mashine ya dijitali, ofseti, ile mashine kubwa inayochapa kwa pleti (bati lenye dizaini yako), inalipa ukichukua maelfu kwa sababu gharama ya kutengeneza pleti ni ileile uprinti chache au nyingi. Mimi nawashauri wanaoanza wachukue chache kwanza, bei zikibadilika utazigawa wapi hizo elfu tano?

Afu usikubali kazi yote itoke kabla hujashika sampo moja iliyoprintiwa kwenye karatasi ileile. Usiisome kwa macho tu, chukua simu ya mtu mwingine upige namba kama ilivyoandikwa pale, simu yako ikiita ndo sawa, jaribu na lipa namba uone jina linalokuja ni la biashara yako, na kama kuna QR code ya kuskani iskani hapohapo. Ukienda kuchukua mzigo fungua bando la katikati na la chini, lile la juu kila mtu anaangalia, linganisha rangi na sampo yako ukiwa nje kwenye mwanga wa jua, hapo ndo umalizie hela iliyobaki.