Namna ya Kufikisha Hoja ya Kijiji Hadi Baraza la Madiwani

Katika halmashauri za wilaya za Tanzania Bara, kila kata huchagua diwani mmoja, na kata ya vijijini kwa kawaida hukusanya vijiji kadhaa, kila kimoja kikiwa na mahitaji yake. Diwani huchaguliwa kwa tiketi ya chama katika uchaguzi mkuu, pamoja na rais na mbunge, ilhali mwenyekiti wa kijiji hupatikana katika uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao mara ya mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Wawili hawa wana vikao tofauti na madaraka tofauti, na hoja ya mwananchi inapaswa kupita kwa wote wawili. Ombi linalotolewa kwa mdomo pale diwani anapokutwa mnadani au msibani, hata akilipokea kwa moyo mweupe, halina kumbukumbu yoyote ambayo yeye mwenyewe anaweza kuitegemea mbele ya wenzake.

Kabla ya yote, hakikisha unafahamu ni nani mwenye dhamana ya jambo unalolidai. Madiwani wengi hulaumiwa kwa barabara mbovu, wakati tangu mwaka 2017 barabara za vijijini zinasimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), na tangu mwaka 2019 huduma ya maji vijijini iko chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA). Kwa mambo hayo, diwani hatoi fedha. Kazi yake ni kuwabana mameneja wa wakala hizo wanapowasilisha taarifa zao kwenye vikao vya halmashauri, na hawezi kuwabana bila kuwa na taarifa sahihi kutoka kwako. Zahanati, madarasa, masoko, ushuru wa mazao, pamoja na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ni mambo ya halmashauri yenyewe.

Hoja huanzia kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake, na ambao unatakiwa kufanyika angalau mara moja kila baada ya miezi 3. Mwandikie mtendaji wa kijiji mapema, ukiomba hoja yako iingizwe kwenye ajenda. Usiiache isubiri “mengineyo”, kwa sababu ajenda hiyo hufikiwa jua likiwa limeshazama na nusu ya watu wamekwisha kuondoka. Mkutano usipoitishwa kwa muda mrefu, hilo lenyewe ni jambo la kumwandikia mtendaji wa kata.

Hapa kwenye uandishi wa azimio ndipo panapohitaji umakini mkubwa kuliko pengine pote. Muhtasari ukisema tu kwamba “wananchi walilalamika kuhusu zahanati”, hakuna mtu yeyote ngazi ya juu atakayejua la kufanya. Azimio lenye uzito huandikwa hivi: “Mkutano Mkuu umeazimia kuiomba Halmashauri ya Wilaya itenge fedha za kupaua na kumalizia boma la zahanati, ambalo wananchi wamelijenga kwa nguvu zao hadi usawa wa lenta.” Sentensi hiyo inataja anayeombwa, kazi inayotakiwa na mchango ambao kijiji kimekwisha kuutoa. Muhtasari utiwe saini na mhuri, uambatanishwe na orodha ya mahudhurio, na kijiji kibaki na nakala yake.

Kutoka hapo, azimio huenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, katibu wake ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa vijiji vyote vya kata ni wajumbe. Vijiji hushindania hapa nafasi katika orodha ya vipaumbele, na mara nyingi kijiji chenye haki hushindwa kwa sababu mwenyekiti wake alifika kikaoni peke yake. Ikiwa zahanati itawahudumia pia wakazi wa vitongoji vya kijiji jirani, mwenyekiti wa kijiji hicho azungumzwe naye kabla ya kikao, ili asimame kuunga mkono hoja.

Katika Baraza la Madiwani, ambalo katibu wake ni mkurugenzi, hoja huingia kupitia taarifa ya kata na kupitia kamati za kudumu. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini rasimu ya bajeti hupitishwa na baraza miezi kadhaa kabla. Kwa hiyo azimio la mwezi Mei kwa kawaida limekwisha kuchelewa. Madiwani wa viti maalumu na mbunge wa jimbo ni wajumbe wa baraza hilohilo, nao wapelekewe nakala, hasa pale diwani wa kata anapohitaji wa kumuunga mkono. Mikutano ya baraza iko wazi kwa wananchi. Wazee wawili au watatu wa kijiji wakienda kusikiliza, diwani huzungumza akijua kwamba wanaomsubiri nyumbani wana mashahidi.

Baada ya kikao, mwalikeni diwani kwenye Mkutano Mkuu unaofuata atoe mrejesho, akitaja kiasi kilichotengwa na mwaka wa fedha unaohusika. Jibu lake, hata likiwa ni kwamba fedha hazikupatikana, liandikwe kwenye muhtasari pamoja na tarehe, kisha lirudishwe katika kila kikao chini ya “yatokanayo na kikao kilichopita” hadi boma lipauliwe.